Kukaa na mtu aliyetoka kwenye maafa: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa asiye mtaalamu

Mafuriko, moto, tetemeko, ajali kubwa: tukio hubadilika, lakini maswali ya wanaojitolea kwa mara ya kwanza ni yaleyale. Nimwambie nini? Nimwache alie au nimnyamazishe? Yule pale hajatoa hata chozi, kweli yuko sawa? Nimtafutie daktari wa akili leo hii? Na lile la mwisho, ambalo watu huniuliza pembeni kwa sauti ya chini: nikikosea neno, si nitamwumiza zaidi?

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yao. Unahusu saa, siku na majuma ya kwanza baada ya maafa. Umeandikwa kwa mtu ambaye si daktari wala mshauri nasaha: mwalimu, jirani, kijana wa kujitolea, kiongozi wa dini, mwanafamilia. Kazi yenyewe huitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Jina lisikutishe. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa wahudumu mwaka 2011 wenye mihimili mitatu tu: tazama, sikiliza, unganisha. Hatua zilizo hapa chini zimesimama juu ya mihimili hiyo, pamoja na niliyojifunza kwa kukaa sakafuni na watu waliopoteza kila kitu.

Jambo moja lishike kabla ya yote. Kazi yako si kumfanya mtu azungumze. Kazi yako ni kuhakikisha yuko salama, ana mtu wake, na anajua kitakachofuata. Akizungumza, utamsikiliza. Asipozungumza, umemsaidia vilevile.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi bado wanaamini kwamba uchungu ni kama usaha: ukiukamua mapema jeraha litapona. Kuanzia miaka ya 1980 ulienea utaratibu, ulioanzia kwa waokoaji kisha ukahamishiwa kwa manusura, wa kuwaketisha watu mara tu baada ya tukio na kumtaka kila mmoja asimulie alichoona na alivyojisikia. Watafiti walipowalinganisha waliopitishwa kwenye kikao hicho kimoja na wasiopitishwa, hawakuona kwamba kilizuia kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio, na kuna waliopitishwa ambao baadaye walikuwa na hali mbaya zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani halishauri utaratibu huo. Nadharia inaishia hapo.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Kwanza, jipime mwenyewe. Je, na wewe umepoteza mtu katika tukio hilohilo? Umelala? Kama moyo wako bado umejaa, omba kazi ya kugawa maji au kuandikisha majina, na uwaachie wengine hii kwa siku chache. Kazi hizo zinahitajika sana, na utakuwa umewatendea haki watu wenye uchungu.

Kisha andaa hivi:

- Taarifa za leo, zilizothibitishwa: maji yako wapi, zahanati iko wapi na inafunguliwa saa ngapi, orodha ya waliopotea iko kwa nani, walio hospitalini wamepelekwa hospitali ipi, usiku watu watalala wapi.
- Namba za simu za mratibu wa eneo, mhudumu wa afya, polisi, ustawi wa jamii na anayeshughulikia watoto waliotengana na wazazi.
- Daftari dogo, kalamu, maji ya kunywa, leso za karatasi, na betri ya kuchajia simu.
- Kitambulisho kinachoonekana, na ruhusa ya anayeratibu eneo. Usijiingize tu.
- Mwenzako. Usiende peke yako hata siku moja.

Taarifa zina uzito kuliko vyote kwenye orodha hii. Ukimwambia mtu "blanketi zinagawiwa kule", akatembea nusu saa akakuta zimekwisha tangu jana, neno lako lolote la faraja baada ya hapo halitaingia.

HATUA ZENYEWE

1. Simama, tazama kwanza.

Dakika mbili zinatosha. Je, mahali penyewe ni salama? Kuna ukuta unaoning'inia, waya wa umeme, umati wenye hasira? Nani anavuja damu au anapumua kwa shida? Huyo ni wa mhudumu wa afya, si wako. Kisha watafute wasioonekana: mtoto asiye na mtu mzima, mzee aliyeketi mbali na wenzake, mjamzito, mwenye ulemavu ambaye fimbo au kiti chake kimebaki nyuma. Watafute pia waliokuwa wagonjwa kabla ya maafa. Mwenye kifafa, kisukari au ugonjwa wa akili ambaye dawa zake zimezama au zimeungua anaweza kuwa hatarini zaidi kuliko anayepiga mayowe mbele yako. Uliza kwa sauti ya kawaida: "Kuna mtu hapa anatumia dawa za kila siku na hanazo?"

2. Mkaribie kwa heshima.

Usimsimamie mtu aliyeketi. Keti au chuchumaa, uso wako uwe sawa na wake, kidogo kwa ubavu ili asijione yuko mbele ya askari. Jitambulishe kwa maneno machache: "Habari mama. Naitwa fulani, niko na kikosi cha misaada. Naweza kukaa hapa kidogo?"

Akisema hapana, ni hapana. Mjibu: "Sawa mama. Mimi nipo pale karibu na mlango. Ukihitaji maji au simu, niite." Kisha kaa kweli pale mlangoni. Wengi huita baadaye, na sababu mojawapo ni kwamba uliheshimu ile hapana yao.

Usimshike mtu usiyemjua bila kumwuliza. Wengine wakishikwa mkono hutulia, wengine hushtuka, na huwezi kujua kwa kumtazama.

3. Anza na anachohitaji sasa hivi.

Swali la kwanza liwe hili: "Unahitaji nini sasa hivi?" Majibu mara nyingi ni madogo na ya mwilini: maji, choo, nguo kavu, mahali pa kumlaza mtoto. Yashughulikie hayo kabla ya moyo.

Nakumbuka mwanamke aliyekaa kwenye ukumbi wa manusura tangu alfajiri, ameshika simu iliyozimika kwa mikono yote miwili. Watu watatu walikuwa wamekwisha kumpitia, wakampa pole, wakamwomba aseme yaliyo moyoni. Hakujibu hata mmoja. Nilipomwuliza anahitaji nini, alininyooshea ile simu. Namba ya dada yake ilikuwa humo, naye hakuikariri. Tulitafuta chaja, tukaketi pamoja kwenye kona yenye umeme, tukitazama kile kialama cha betri. Simu ilipowaka, ujumbe ulikuwa unamsubiri: watoto wote wawili wako kwangu. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mimi sikuwa nimesema lolote la maana. Nilitafuta chaja tu.

4. Sikiliza.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu tumezoea kwamba kufariji ni kusema. Punguza maneno. Mwache aanze anapotaka na aishie anapotaka. Ukimya usikutie hofu. Hesabu pumzi zako kumi kimyakimya kabla ya kuujaza.

Siku zangu za mwanzo nilimwuliza baba mmoja, kwa nia njema kabisa, "Ilikuwaje?" Akaanza kueleza. Sauti ikaongeza kasi, mikono ikaanza kutetemeka, akafika pale mtoto alipomponyoka majini, akakatika hapohapo. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Sikujua la kufanya. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa karibu ndiye aliyesogea akamwita jina lake mara tatu, taratibu, mpaka akamgeukia. Tangu siku ile simwulizi mtu "ilikuwaje". Nauliza: "Sasa hivi ukoje?"

Maneno ya kuepuka, hata kama umeyasikia tangu utotoni:

- "Jikaze." Amekwisha kujikaza, ndiyo maana bado ameketi hapo.
- "Mwanamume halii."
- "Shukuru Mungu umebaki hai." Huenda ndilo linalomtesa, kwamba amebaki yeye.
- "Ni mapenzi ya Mungu." Akilisema mwenyewe, ni imani yake, mwitikie. Usianze wewe.
- "Najua unavyojisikia."
- "Kuna mwenzako kule amepoteza wote."
- "Kwa nini hamkuondoka mapema?" Hili usiliseme kwa namna yoyote ile.

Badala yake: "Pole sana", kisha nyamaza. Lugha yetu imetupa neno hilo moja linalotosha, nasi tunaliharibu kwa kuliongezea hotuba. Mengine yanayofaa ni: "Nipo hapa." "Si lazima uniambie." "Hakuna haraka." Ukitaka kumwonyesha kwamba umemsikia, mrudishie neno lake mwenyewe. Akisema "nilimwacha", sema "unaona kama ulimwacha". Usimkatalie haraka kwa "hapana, hukumwacha", maana hapo mazungumzo yatafungwa. Baadaye, akitulia, unaweza kumwambia ukweli unaoujua: maji yale yasingezuiwa na mkono wa mtu yeyote.

5. Mtulize aliyezidiwa.

Mama yule alifanya lililo sahihi bila kufundishwa. Mtu akianza kutetemeka, kuhema haraka au kupotea machoni, mrudishe mahali alipo. Mwite jina. Mwambie akanyage sakafu kwa miguu yote miwili na aisikie chini yake. Mwombe akutajie vitu vitatu anavyoviona na sauti mbili anazozisikia. Kisha pumueni pamoja: kuvuta pumzi kwa kawaida puani, kuitoa polepole mdomoni, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wewe fanya, yeye akufuate. Usimlazimishe kufumba macho. Gizani ndiko picha zinakorudi.

Maumivu ya kifua, kuzimia, au kuchanganyikiwa kwa mtu aliyegongwa kichwa usiyachukulie kuwa hofu tu. Mwite mhudumu wa afya.

6. Mwambie kwamba si kichaa.

Kukosa usingizi, ndoto mbaya, kushtuka kwa kila kishindo, kusahau jambo la dakika tano zilizopita, hasira, ganzi, kutolia, kulia bila kukoma, kujilaumu, tumbo kuvurugika: haya huwapata watu wenye akili timamu waliopitia yasiyo ya kawaida. Wengi huogopa kimoyomoyo kwamba wanapata wazimu. Kwa hiyo mwambie waziwazi: "Mwili wako bado unakulinda. Kwa watu wengi hali hii hupungua siku zinavyosonga."

Huo ni ukweli. Karibu kila aliyekumbwa na maafa hupata dhiki ya moyo, na wengi hupata nafuu kwa muda. Hata katika maeneo yaliyopitia vita, makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyochapishwa mwaka 2019 ni kwamba watu asilimia 22 wana tatizo la afya ya akili kwa wakati wowote utakaowapima. Ni wengi mno na wanastahili tiba. Lakini kati ya kila watu watano, karibu wanne hawamo. Usimtabirie mtu ugonjwa.

Onyo: dawa za usingizi na za kutuliza zisigawiwe mkono kwa mkono. Dawa za kundi la diazepamu hazishauriwi kwa ajili ya dhiki ya mwezi wa kwanza baada ya tukio. Pombe nayo humlaza mtu kwa saa chache kisha humwamsha vibaya zaidi.

7. Sema ukweli, hata ulio mzito.

Usiahidi usichokijua. "Atapatikana tu" ni neno linalorudi kumchoma mtu siku ya tatu. Sema: "Bado hatujui. Orodha ya hospitali hufika saa kumi jioni. Nitakuja kukwambia, hata kama jina halimo." Na uje, hata kama jina halimo.

Ikikuangukia kutoa habari ya kifo, hakikisha kwanza kwamba imethibitishwa na wahusika. Tafuta mahali pa faragha, keti, mwenzako awe karibu. Tumia neno "amefariki". Maneno ya staha kama "hatunaye" au "ametangulia" ni mazuri baadaye, ila kwa wakati huo mtu aliyepigwa na mshtuko anaweza kuyaelewa vingine na kuendelea kusubiri. Kwa mtoto hali kadhalika: usimwambie kwamba baba yake "amelala" au "amesafiri". Atakataa kulala, au atakaa kibarazani akimsubiri.

Akitaka kuuona mwili, uamuzi ni wake. Mweleze kabla atakachokiona, mwingie pamoja, mtoke pamoja. Nawasihi viongozi jambo moja hapa: msikimbilie kuzika watu kwa halaiki kwa kuogopa mlipuko wa magonjwa. Waliokufa kwa mafuriko, tetemeko au moto kwa kawaida hawaleti mlipuko. Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wamekuwa wakilisema hili kwa miaka mingi. Hatari halisi huwa ni maji machafu na msongamano wa walio hai. Familia iliyonyimwa kumtambua na kumzika mtu wake hubaki na mlango usiofungika.

8. Muunganishe na watu wake, na huduma, na kazi.

Mtafutie ndugu kabla ya mtaalamu. Usiwatenganishe jamaa kwa sababu ya foleni au mpangilio wa mahema. Mtoto aliyepotezana na wazazi asikabidhiwe mtu yeyote anayejitokeza akisema ni mjomba wake. Mpeleke kwa anayehusika na ulinzi wa watoto, ubaki naye mpaka apokewe.

Kisha mpe kazi, kama mwili unaruhusu. Kushika orodha, kuchota maji, kuwasomea watoto. Aliyekumbwa na maafa ameona jinsi jitihada zake zilivyoshindwa. Kila jambo dogo analolimudu leo humrudishia kitu. Kwa hiyo usimfanyie anachoweza kukifanya mwenyewe. Piga simu pamoja naye, si kwa niaba yake.

Unapoondoka, aga. Mwambie lini utarudi, au kama hutarudi ni nani atakayekuja. Watu hawa wameachwa ghafla mara moja tayari.

9. Iangalie jamii nzima kwa pamoja.

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2007 kuhusu afya ya akili wakati wa dharura huchora piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa, ngazi pana kuliko zote, kuna usalama na mahitaji ya msingi yanayotolewa kwa heshima. Juu yake kuna msaada wa familia na jamii, kisha msaada mahususi unaoweza kutolewa na watu waliopata mafunzo mafupi, na kileleni, kwa wachache, wataalamu wa tiba. Wanaoanza hukimbilia kileleni. Nimeona kambi yenye washauri sita na foleni ya maji ambayo wanawake walikuwa wakisukumwa na kutukanwa humo kila asubuhi. Foleni ile ilikuwa tatizo la afya ya akili. Ilipopangwa vizuri, kamba mbili na zamu za wazee kusimamia, nyuso zilibadilika ndani ya siku chache.

Yanayosaidia jamii ni haya: ibada za mazishi zifanyike, masomo ya watoto yaanze hata chini ya turubai, kuwe na ubao mmoja wa matangazo unaoaminika, na wenyeji wawe ndani ya kikao kinachopanga misaada. Watoto wapewe mahali salama pa kucheza na saa zinazojulikana. Wakiigiza mafuriko au moto kwenye mchezo, waache. Wasimamie tu wasiumizane.

10. Rudi baada ya mwezi.

Hatua hii husahaulika kwa sababu magari ya misaada yamekwisha kuondoka. Takriban mwezi mmoja baadaye, mtazame tena uliyemjua. Ndoto na picha za tukio bado zinamvamia? Anaepuka njia, mtu au sauti fulani mpaka maisha yamesimama? Hali chakula, halali usiku, hajijali, hashughuliki na watoto? Anakunywa kuliko zamani? Haya yakiendelea na kumzuia kuishi, mpeleke kwenye huduma ya afya. Tiba za mazungumzo za kiwewe zipo na zinafanya kazi. Ipo pia mbinu ya vikao vitano, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, inayoweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu baada ya kufundishwa na kusimamiwa. Uliza kama ipo karibu nawe.

Dalili zifuatazo hazingoji mwezi: anataka kufa, anamtishia mtu, anaona au kusikia visivyokuwapo, au hawezi kujihudumia wala kumhudumia mtoto mchanga. Huyo ni wa leo.

UKIKWAMA

"Amesema bora na yeye angekufa." Mwulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Mwulize kama amepanga namna na kama kifaa kiko karibu. Usimwache peke yake, ondoa kinachoweza kutumika, mwite mhudumu wa afya. Hii ni siri ambayo huruhusiwi kuitunza peke yako, na umwambie hivyo.

"Ananifokea, ananiita mwizi wa misaada." Usijitetee. Rudi hatua moja nyuma, punguza sauti yako. "Naona umechoka kusubiri, na una haki." Ukiona hatari, ondoka na mwenzako. Hasira hii haikulengi wewe, ila usibaki mahali utakapopigwa.

"Halii, anachekacheka, anapiga simu za biashara." Mwache. Kila mtu na namna yake. Jambo la kuangalia ni kama anakula, analala na yuko salama.

"Anataka kurudi kwenye kifusi kumtafuta mtu wake." Usimwambie haiwezekani kisha ukageuka. Mpeleke kwa mkuu wa waokoaji, aeleze mwenyewe mtu wake alikuwa chumba gani. Taarifa hiyo ina thamani, naye atakuwa amefanya kitu.

"Amenieleza kwamba alibakwa." Mpe pole, na umwamini. Usiulize maelezo. Mweleze kwa nini saa zina maana: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya siku 5, mapema ikiwa bora katika zote mbili. Uamuzi wa kwenda polisi ni wake. Akiwa mtoto, fuata utaratibu wa ulinzi wa watoto siku hiyohiyo.

"Mtoto wa miaka minane ameanza tena kukojoa kitandani." Asichapwe wala kuaibishwa. Alale karibu na mzazi, ratiba ya siku irudi, na mtu mzima amweleze kilichotokea kwa maneno mafupi ya kweli. Mwambie pia kwamba si yeye aliyesababisha. Watoto hudhani hivyo mara nyingi kuliko tunavyofikiri.

"Waandishi na wageni wanataka kumpiga picha." Simama kati yao. Mtu aliye kwenye mshtuko hawezi kuridhia kwa dhati. Na wewe mwenyewe usimpige picha, wala kupeleka habari zake kwenye makundi ya simu, hata bila jina.

"Nimekosea neno, ameudhika." Sema "nisamehe, nimekosea kusema hivyo", basi. Hutamharibu kwa neno moja. Watu huumizwa na kulazimishwa, kudanganywa na kutelekezwa.

NA WEWE

Fanya kazi kwa zamu, usizidishe saa ulizopangiwa. Jioni keti na mwenzako robo saa: leo kipi kilikuwa kigumu, kipi kimekwenda vizuri, kipi nakiacha hapa. Ukijikuta unaota ndoto za watu wengine, unawakaripia watu wa nyumbani kwako, au huwezi kuondoka kambini kwa sababu unaona bila wewe watakufa, mwambie mratibu akupumzishe siku mbili. Wanaokataa kupumzika ndio ninaowaona wakiikimbia kazi hii moja kwa moja.

Kila usiku, kabla ya kulala, fungua lile daftari. Futa taarifa zilizopitwa na wakati. Kisha andika, juu ya ukurasa wa kesho, uliowaahidi kurudi kwao na saa uliyowatajia.